Kitufe cha Tisa

Fungurume imejipanga kando ya barabara kuu kati ya Likasi na Kolwezi, na karibu kila shughuli ya mji huu inafanyika mbele ya barabara hiyo. Malori ya shaba yanapita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na mengi yataendelea hadi Tunduma na bandari ya Dar es Salaam. Mimi nimeijia njia hiyo kutoka upande wa pili, abiria wa dereva Mtanzania aliyekuwa anarudi kupakia. Laini yake ya Tanzania aliipumzisha Nakonde. Ya Zambia ikamfikisha Chililabombwe, na Kasumbalesa akawasha ya Kongo. Simu yenyewe ni ileile, kile tunachokiita kitochi au kiswaswadu, chenye vitufe kumi na viwili na taa kichwani. Kuanzia Tunduma nimekuwa nikiandika daftarini jinsi vitufe hivyo kumi na viwili vinavyosemwa na kutumiwa tofauti kila mpaka unapovukwa, na hapa Fungurume daftari limenenepa kuliko kwingine kote.

Mahali pa kununua salio na kutoa pesa hapa panaitwa kabini. Ni mwavuli, meza ndogo, kiti cha plastiki, na mtu mwenye simu kadhaa mbele yake, kila mtandao na simu yake. Kwetu tungesema kwa wakala. Mama niliyemkuta chini ya mwavuli karibu na soko alinikaribisha kama anavyomkaribisha kila mwanamume wa rika langu. "Sema numero yako, papa."

Nikaitaja kwa Kiswahili, tarakimu moja moja, kama tunavyofanya Mbeya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akairudia kwa Kifaransa huku akibonyeza: "zéro nonante-neuf…" Nonante ni tisini ya Wabelgiji, ambayo Ufaransa kwenyewe haitumiki. Paris wangesema ishirini mara nne na kumi. Wakongo walibaki na septante na nonante za mkoloni wao, na leo namba zinazoanza na 097 na 099 zinatajwa hivyo sokoni na watu ambao maongezi yao mengine yote, bei, salamu na utani, ni Kiswahili kitupu. Tangu hapo nimesikiliza kwa makini, na nimeona kwamba katika mji huu namba ya simu ni jambo la Kifaransa. Dar es Salaam mtu huchanganya, "sifuri saba hamsini na nne", Nairobi wengi hutaja kwa Kiingereza tarakimu moja moja, na hapa zinakwenda mbili mbili au tatu tatu kwa lugha ya shule.

Alama nazo zina majina yao. Sisi Watanzania tunasema nyota na reli: nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli, na M-Pesa inafunguka. Mkenya anasema 334 na kuimalizia kwa hashi. Fungurume ni "etwali" na "dyezi", nyota ya Kifaransa na ile alama ya muziki inayopandisha sauti nusu. Hata kitendo kina neno lake. Mimi ninabonyeza, mama wa kabini anafinya. Alama hizo mbili ziliongezwa kwenye simu za Marekani mwaka 1968, wakati hakuna aliyejua zitafanya kazi gani hasa kwa mtu wa kawaida. Huku kwetu ndizo zimekuwa mlango wa benki.

Kwenye meza yake kuna pia kikokotoo, kwa sababu dola na faranga za Kongo zinazunguka pamoja na kila malipo yanahitaji kubadilishwa kutoka moja kwenda nyingine. Nilimtazama vidole. Kwenye kikokotoo safu ya juu ni 7, 8, 9. Kwenye simu safu ya juu ni 1, 2, 3. Anahama kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi kwa saa moja, bila kutazama chini, na mkono wake haukosei. Mpangilio wa simu ulitokana na majaribio ya maabara za Bell, ambayo Richard Deininger aliyaandikia taarifa mwaka 1960. Watu walipewa mipangilio kadhaa ya vitufe, zikapimwa kasi na makosa yao. Simu za aina hiyo zilianza kuuzwa Pennsylvania Novemba 1963. Waliopima walikuwa Wamarekani wanaopiga simu za nyumbani. Mwanamke anayelipwa kwa dola, anayerudisha chenji kwa faranga na kutuma pesa kwa mitandao mitatu ndani ya dakika moja hakuwa katika hesabu yao, na bado vitufe vyao vinamtii.

Sasa nije kwenye herufi.

Wengi tunadhani herufi ziliwekwa kwenye simu kwa ajili ya ujumbe mfupi. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Desemba 1992. Herufi zilikuwepo zamani zaidi, tangu enzi za simu za kuzungusha, na kazi yake ilikuwa kutaja kituo. Miji mikubwa ilikuwa na vituo vingi vya kuunganishia simu, kila kimoja na jina, na mpigaji alizungusha herufi za mwanzo za jina la kituo kabla ya namba. Mwaka 1917 William Blauvelt wa kampuni ya AT&T alipanga herufi za Kiingereza tatu tatu kuanzia namba 2. Namba 1 aliiacha tupu, maana mshtuko mmoja wa umeme ungeweza kutokea mtu akigusa tu mkonga, na mtambo ungedhani ameanza kupiga. Sifuri ilikuwa ya opereta. Zikabaki namba nane, herufi tatu kila moja, jumla ishirini na nne, na alfabeti ina ishirini na sita. Q na Z zikafukuzwa. Mtu wa New York wa miaka hiyo asingeweza kuzungusha jina la Zanzibar.

Kila nchi ikaingia na hesabu zake. London waliiweka O kwenye sifuri, pamoja na Q, kwa sababu zinafanana kwa umbo. Polisi wa Scotland Yard walipatikana kwa Whitehall 1212, yaani 944 kisha 1212. Paris, ilipoanza simu za kujiunganisha mwaka 1928, nayo iliipeleka O kwenye sifuri. Kwa hiyo jina lenye O lilikuwa na namba moja New York na nyingine London na Paris. Moscow walitumia herufi moja tu kwa kila namba, kumi za Kikirili, kuanzia А kwenye 1 hadi Л kwenye 0. Berlin vilevile, A hadi K, wakiiruka I. Waaustralia walichagua kumi zao, A, B, F, J, L, M, U, W, X na Y, mpangilio ambao ukiutazama leo hauoni mantiki yake mpaka uambiwe kwamba ni herufi moja kwa namba moja. New Zealand hata tarakimu zenyewe zilizungukia upande wa pili, ndiyo maana namba yao ya dharura ni 111: kwenye mitambo yao ilipiga midundo ileile ya 999 ya Uingereza. Simu za kimataifa zilipoanza kupigwa bila opereta, vurugu hii ikawa haivumiliki. Paris iliacha majina mwaka 1963, London ikafuata miaka michache baadaye, na mwishowe Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ukaweka kanuni moja, E.161. Q ikarudishwa kwenye 7 na Z ikarudishwa kwenye 9.

Huo uamuzi wa mwisho, wa kuiweka Z kwenye 9 pamoja na W, X na Y, ulifanywa na watu wasiokuwa na habari na Kiswahili. Lakini sidhani kama kuna lugha kubwa uliyoigusa kuliko yetu.

Anza na bahati. Irabu zetu tano zimepata kila moja kitufe chake: A kwenye 2, E kwenye 3, I kwenye 4, O kwenye 6, U kwenye 8. Hakuna irabu mbili zinazogombania nafasi. Kwa lugha ambayo karibu kila silabi inatua kwenye irabu, hiyo ni zawadi ambayo hakuna aliyekusudia kutupa. Mfaransa hana raha hiyo. E yake ina alama za juu za aina tatu au nne, zote zimefungiwa kwenye 3, na lazima abonyeze hadi achoke kabla ya kuifikia é. Ndiyo maana vijana wa Kolwezi, wakiandika Kifaransa, wanaziacha irabu kabisa: bjr, slt, cmt. Wakihamia Kiswahili katika ujumbe uleule, irabu zinarudi zote. Nimeonyeshwa ujumbe wa namna hiyo na kijana wa duka la vipuri, nusu mifupa na nusu nyama.

Kwenye kitochi mtu anaweza kuandika kwa kuhesabu: A mara moja, B mara mbili, C mara tatu. Kwa hesabu hiyo "mama" ni mibonyezo minne, na "sisi" ni kumi na minne. "Baba" lote liko kwenye 2, kwa hiyo kila herufi inabidi ungoje kidogo simu ikubali ndipo uendelee. "Hii" lote liko kwenye 4, na "mno" lote liko kwenye 6. Waliokua na Nokia ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaujua huo mngojeo katika vidole vyao.

Namna nyingine ilitoka Seattle katika miaka ya 1990, kwenye kampuni ndogo iliyoitwa Tegic. Programu yao, T9, ilimwambia mtu abonyeze kila kitufe mara moja tu, na simu yenyewe itafute kwenye kamusi neno linalolingana na namba hizo. Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha sura nyingine. Chukua kitochi ujaribu. "Chai" ni 2424, na "bibi" ni 2424. "Kaka" ni 5252, na "lala" ni 5252. Hayo ni mazuri ya kuchekesha watoto, na muktadha utayatenganisha.

Yasiyotenganishwa na muktadha yako kwenye 9. "Wangu", "yangu" na "zangu" yote ni 92648. "Wake", "yake" na "zake" ni 9253. "Wetu", "yetu", "zetu": 9388. "Wote", "yote", "zote": 9683. Upatanisho wa kisarufi, ule ambao mwalimu wa darasa la tatu anautolea jasho, umelundikwa kwenye kitufe kimoja. Na si mapambo. Katika Kiswahili cha pwani, nyumba moja na nyumba kumi zinaandikwa sawasawa. Kinachosema kama ni moja au nyingi ni ile Y au Z inayofuata. Mtu akiandika "nyumba yangu imeungua" au "nyumba zangu zimeungua", T9 inaona 698622 92648 kwa zote mbili kabla ya kufika kwenye kitenzi, na kuchagua kwake ni kubahatisha juu ya ukubwa wa msiba. Sijui lugha ya Ulaya ambayo umoja na wingi wa kitu unaning'inia kwenye kitufe kimoja namna hii, na nadhani mhandisi yeyote wa simu anayetaka kufanya kazi na Kiswahili angeanzia hapa, kabla ya menyu na kabla ya picha.

Lakini ukiwa Fungurume, tatizo hilo linapungua, na halikupunguzwa na mhandisi.

Kiswahili cha Katanga kina njia zake. Watu ni batu, watoto ni batoto. Wingi wa binadamu umehama kutoka W kwenda B, yaani kutoka kitufe cha 9 kwenda cha 2. Nyumba nyingi ni manyumba, kwa hiyo wingi umekwishasemwa mbele, kwenye 6, na "yangu" inaweza kufuata nyumba au manyumba bila kubadilika. Unasikia "mutoto yangu", "kitabu yangu". Ile kazi ambayo pwani inafanywa na kitufe cha tisa, hapa inafanywa mwanzoni mwa neno, kwenye vitufe ambavyo havichanganyiki. Badala yake wanalipa kwingine. Sisi tunaandika "mtu", herufi tatu. Wao ni "mutu", na hizo u, t, u zote ziko kwenye 8, kwa hiyo anayeandika kwa kuhesabu anangoja mara mbili ndani ya neno la herufi nne.

Nilimwonyesha mama wa kabini hesabu hizi kwenye daftari, nyumba kwa nyumba. Alizifuata kwa kidole, akajaribu kwenye simu yake moja, akacheka alipofika kwenye bibi na chai. Kisha akasema jambo ambalo nimelipigia mstari: yeye akiandika, anaandika vile anasema, na aliyetumiwa anasoma vile anasikia. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Wasafiri wa pwani tuna tabia ya kufika huku na kuanza kusahihisha. Kiswahili hiki kimeandikwa muda mrefu bila kutuomba ruhusa. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha hapa, kwa kalamu ya André Yav, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya na kuitafsiri mwaka 1990. Hata orodha ya kimataifa ya alama za lugha inakitambua: Kiswahili cha pwani ni swh, cha Kongo ni swc. Watengenezaji wa simu wanazisoma alama hizo.

Kutoka kitufe cha tisa nikaanza kuwaza wenzetu ambao lugha zao hazitumii herufi za Kilatini kabisa, na jinsi walivyojitwalia vitufe hivihivi.

Wagiriki wamebarikiwa. Herufi zao ni ishirini na nne, vitufe ni vinane, tatu kila kimoja, hakuna aliyefukuzwa. Warusi wana thelathini na zaidi, wakabana nne kwa kila kitufe. Kiarabu ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu ya Unguja, Mombasa na ndugu zetu wa Muscat. Simu nyingi zilizofika soko la Darajani, Unguja, kutoka Dubai zilikuwa na herufi za aina mbili juu ya kila kitufe, Kilatini na Kiarabu, na aliyesoma chuoni akiitazama safu ya juu alishtuka kwamba alifu haiko kwenye 2. Iko kwenye 3, ba na ta ziko kwenye 2. Safu inayofuata jimu iko kwenye 6, dali kwenye 5, sini kwenye 4. Mpangilio unasomwa kutoka kulia, kama msahafu, ingawa namba zenyewe zinatoka kushoto. Kiebrania kimefanya hivyohivyo. Kwa hiyo mtu anayeandika "baba" kwa herufi za Kiarabu anapishanisha 2 na 3 bila kungoja, wakati mimi na Kilatini changu nimekwama kwenye 2. Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi hizo muda mrefu kabla ya Kilatini, na inanifurahisha kuona kwamba kwenye neno hilo moja walau, zingetufaa zaidi.

Wachina wako hapa hapa. Mgodi wa Tenke Fungurume ulitoa shaba yake ya kwanza mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani, na mwaka 2016 hisa za Wamarekani zilinunuliwa na kampuni ya China ambayo leo inaitwa CMOC. Mjini unakutana na wafanyakazi wa Kichina dukani na barabarani, na simu zao ni janja, lakini tazama kioo wanapoandika: wengi wameweka vitufe tisa vya zamani, ABC, DEF, GHI, vilevile vya kitochi. Wanaandika matamshi ya neno kwa herufi za Kilatini, kitufe mara moja kila herufi, na simu inawaletea maumbo ya Kichina wachague. "Nihao" ni 64426. Kuchagua ambako kwetu ni usumbufu, kwao ni sehemu ya kuandika tangu mwanzo, kwa sababu matamshi mamoja yana maumbo mengi hata ukiandika herufi zote. Namna nyingine waliyonayo haihitaji Kilatini kabisa: vitufe 1 hadi 5 vinashika aina tano za mikwaju ya kalamu, mlalo, wima, wa kushukia kushoto, nukta na uliokunjwa, na mtu anaandika umbo kwa mpangilio wa mikwaju aliofundishwa shuleni.

Barabarani hapa, malori yakipita na mzigo uleule, nikaiandika bidhaa ya mji huu kwenye kitochi kwa lugha zinazoitaja. Kwa Kifaransa cha ofisini, cuivre, ni 284873. Kichina, tong, 8664. Kibemba cha ng'ambo ya mpaka, mukuba, 685822. Kiswahili, shaba, ni 74222, na hizo 2 tatu za mwisho zinataka mngojeo mara mbili kwa anayehesabu. Jina hilo lilikuwa la jimbo zima kuanzia 1971 hadi 1997, na karani wa wakati ule hakuwa na kitochi cha kumchosha.

Lakini waliotatua jambo hili kwa namna ninayoitamani ni Wajapani. Wao hawagawi herufi, wanagawa silabi. Vitufe kumi, mistari kumi ya alfabeti yao: 1 ni ya irabu tupu, 2 ni ka, ki, ku, ke, ko, 3 ni ya sa, 4 ni ya ta, hadi sifuri. Unabonyeza 2 mara moja unapata ka, mara tano unapata ko. Kwa ga na wenzake wanaandika ka na kuongeza alama, vivyo hivyo sa ikawa za, ta ikawa da, ha ikawa ba. Mswahili yeyote aliyepita darasa la kwanza atautambua utaratibu huo mara moja. Ndivyo tulivyofundishwa kusoma: a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, tukiimba kwa sauti moja. Kaka kwa utaratibu huo ingekuwa mibonyezo miwili, na lala isingefanana nayo. K na G, T na D, S na Z, P na B, F na V, jozi zipo tayari katika vinywa vyetu. Tuna sauti nyingi zaidi, ch, sh, ny, ng', dh, gh, na pia konsonanti zinazoshikana kama mb na nd, kwa hiyo kazi isingekuwa nyepesi. Ila ingewezekana, na kwenye simu janja, ambako vitufe ni picha tu kwenye kioo, hakuna tena chuma wala plastiki ya kutuzuia. Ningependa kuona mtu wa Dar, Mombasa au Lubumbashi anaijaribu.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa fundi simu, kibanda chenye nyaya, betri na mafuvu ya vitochi. Simu nyingi mezani kwake ni Itel na Tecno, za kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen, inayotengeneza simu kwa ajili ya soko letu na isiyoziuza China kwenyewe. Nilimwomba anifungulie orodha ya lugha kwenye mojawapo mpya. Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu, Kireno, Kiswahili na nyinginezo. Alisema wateja wake karibu wote wanaomba Kifaransa. Alipochagua Kiswahili tukaisoma menyu pamoja, na yeye, mtu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, alisimama kwenye maneno ambayo mimi sikuyaona kuwa magumu. Ni Kiswahili cha ofisi za Dar es Salaam. Alirudisha Kifaransa, akaifunga simu kwenye kifuko chake.

Kwenye simu janja mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kamusi haingoji kuulizwa. Alinionyesha yake mwenyewe: kibodi ya Kiswahili, ambayo aliiondoa baada ya kuona batoto yake inapigiwa mstari mwekundu kila mara. Sasa anaandika Kiswahili juu ya kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A na Z, ambayo nayo inapigia mstari kila neno, ila angalau, alisema, ile haijidai kukijua. Nilimwomba aniandikie maneno ambayo simu ingepaswa kuyakubali kwanza. Alichukua kalamu yangu na hakufikiri sana: batoto, batu, bote, manyumba, mutu, makuta, aksanti. Dereva alikuwa ameshapiga honi, na fundi aliendelea kuandika hadi ukurasa ukajaa.